Jinsi ya Kuichunguza Nishani ya Uokoaji ya Ufalme wa Prussia

Kati ya nishani zote ambazo wafalme wa Kijerumani waliwatunuku raia wao, ninayoithamini kuliko zote ni ndogo sana, kipande cha fedha chenye kipenyo cha karibu milimita 25, ambacho upande wake wa nyuma una taji la majani ya mwaloni na ndani yake maneno FÜR RETTUNG AUS GEFAHR, maana yake «Kwa kuokoa kutoka hatarini». Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia aliianzisha tarehe 1 Februari 1833, na jina lake rasmi, Verdienst-Ehrenzeichen, linaiweka wazi katika kundi la alama za heshima za mastahili. Haikutolewa kwa kushinda vita wala kwa kuzaliwa katika ukoo wenye cheo. Ilitolewa kwa mtu aliyehatarisha maisha yake ili mwenzake asife, awe mvuvi, mwanafunzi, fundi, askari au afisa.

Mwongozo huu ni wa yule aliyeipata nishani ya namna hii, au anayefikiria kuinunua mnadani, na anayetaka kujua kama kweli ni ya enzi ya wafalme, ni ya mfalme yupi, na kama aliyeipokea anaweza kutambulika. Hatua zake zifuatwe kwa mpangilio huu huu, kwa sababu ukianza na ya mwisho unaweza kuharibu ushahidi unaohitajika katika ya kwanza.

Hatua ya kwanza: iache kama ilivyo

Weka kitambaa laini mezani, na uishike nishani kwa ukingo wake bila kugusa uso wa mfalme wala maandishi, kwa sababu jasho la vidole huacha alama zinazokula fedha polepole. Ipige picha pande zote mbili, kisha ukingo, kisha kitanzi cha juu, kisha utepe mbele na nyuma. Andika siku hiyo hiyo ulivyoipata: nani alikupa, alisema nini, ilikuwa ndani ya kitu gani, na iliambatana na vitu gani vingine. Boksi lililochakaa, karatasi iliyokunjwa mara nne au pini iliyoshika kutu inaweza kukueleza mengi kuliko nishani yenyewe, na watu wengi huvitupa vitu hivyo kabla hawajaanza kuchunguza.

Usiisafishe. Najua kwamba nyumbani kwetu chombo cha fedha kikifanya weusi huletwa limau na majivu, na wengine hutumia dawa ya meno, lakini majivu na dawa ya meno vina chembe zinazokwaruza, na limau ni asidi. Weusi unaofunika fedha ya zamani hukaa kwa mpangilio wake: mzito kwenye mianya ya maandishi na chini ya kidevu cha mfalme, mwepesi pale palipoguswa mara nyingi. Mpangilio huo ni ushahidi wa umri, na ukishaufuta hakuna fundi anayeweza kuurudisha. Nishani iliyong'arishwa pia hupoteza thamani kubwa sokoni, lakini kwangu hilo ni jambo dogo ukilinganisha na kupotea kwa ushahidi.

Hatua ya pili: mtambue mfalme

Upande wa nyuma hauwezi kukupa tarehe, kwa kuwa maneno yale yale yalidumu kwa muda mrefu. Geuza upande wa mbele. Nishani ya kifalme ina kichwa cha mfalme kilichozungukwa na jina lake, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanzia.

Wafalme wa Prussia wanaokuhusu ni watano. Friedrich Wilhelm wa Tatu alitawala kuanzia 1797 hadi 1840, kwa hiyo nishani yenye kichwa chake ni ya kipindi cha miaka saba tu baada ya kuanzishwa, na hizo ndizo adimu zinazotafutwa zaidi. Friedrich Wilhelm wa Nne alimfuata hadi mwaka 1861. Wilhelm wa Kwanza alitawala kutoka 1861 hadi 1888, na tangu Januari 1871 alikuwa pia kaisari wa Ujerumani nzima. Friedrich wa Tatu alitawala siku 99 tu katika mwaka 1888, kwa hiyo kitu chochote kinachodaiwa kuwa na kichwa chake kinahitaji kulinganishwa kwa makini ya pekee kabla ya kukubaliwa. Wilhelm wa Pili ndiye wa mwisho, kuanzia 1888 hadi ufalme ulipoanguka Novemba 1918.

Soma jina na tarakimu kwa lenzi ya kukuzia. Ikiwa maandishi yamefifia, linganisha sura na sarafu, kwa maana kichwa cha mfalme kwenye sarafu za zama zake kinakupa kipimo kisicho na shaka. Sarafu za Wilhelm wa Kwanza humwita WILHELM bila tarakimu, na ndevu zake za mashavuni zinamtambulisha mara moja, ilhali sarafu za mjukuu wake zina tarakimu II na masharubu bila ndevu. Hazina ya sarafu na medali ya makumbusho ya Berlin, iitwayo Münzkabinett, imeweka mtandaoni picha za maelfu ya vipande vyake, na mtu aliye Mombasa au Kigoma anaweza kuzitazama kwa simu bila malipo.

Kuna makosa mawili yanayotokea mara kwa mara katika hatua hii. La kwanza ni kudhani kwamba kila nishani ya uokoaji ya Kijerumani ni ya Prussia. Katika dola lililoundwa mwaka 1871 kulikuwa na falme nne, yaani Prussia, Bavaria, Saksonia na Württemberg, na kabla ya hapo Hannover nayo ilikuwa ufalme hadi Prussia ilipoimeza mwaka 1866. Falme hizo zilikuwa na tuzo zake zenyewe kwa waokoaji, basi neno linalofuata cheo cha KOENIG ndilo linaloamua.

La pili ni kuichukua nishani ya jamhuri kuwa ya kifalme. Katiba ya mwaka 1919 iliizuia dola kutoa nishani za heshima, lakini nishani ya uokoaji ilirudishwa na serikali ya Prussia ya kijamhuri mwaka 1925, ikiwa na maneno yale yale nyuma na tai badala ya mfalme mbele. Baada ya mwaka 1933 ikaja nyingine yenye tai aliyebeba alama ya utawala wa Kinazi. Ukiona tai, si ya mfalme, hata muuzaji akisisitiza vipi. Na ukiona alama ya Kinazi, kumbuka kwamba sheria ya jinai ya Ujerumani inazuia kuionyesha hadharani nje ya shughuli za elimu, utafiti, sanaa na nyingine kama hizo, hivyo usiisambaze picha yake kiholela ukiwa huko.

Hatua ya tatu: angalia ukingo na uso

Nishani halisi ilipigwa chapa: kipande cha fedha kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma na kugandamizwa kwa nguvu kubwa. Nakala nyingi za bandia husubiwa, yaani madini yaliyoyeyushwa humiminwa ndani ya kalibu iliyotengenezwa kutokana na nishani ya kweli. Njia hizi mbili huacha alama tofauti, na mtu mwenye lenzi inayokuza mara 10 na mwanga unaotoka ubavuni anaweza kuzifahamu baada ya mazoezi ya siku chache.

Mimi huanza na ukingo, kwa sababu waghushi wengi huhangaikia uso wa mfalme na kuusahau ukingo. Tafuta mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo wote, au sehemu moja iliyosuguliwa kwa tupa. Mstari wa namna hiyo ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, au mahali ambapo maganda mawili yaliyotengenezwa kwa umeme yaliunganishwa. Kisha nenda kwenye uwanja mtupu ulio kati ya kichwa na maandishi. Katika nishani iliyopigwa chapa uwanja huo ni laini na umebanana, ilhali katika iliyosubiwa utaona vitundu kama vya sindano na vinundu vidogo vilivyobaki pale ambapo kiputo cha hewa kilikuwa ndani ya kalibu. Maliza na herufi. Kuta za herufi zilizopigwa chapa husimama wima na kukutana na uwanja kwa pembe kali, lakini za kusubu huwa zimelegea mizizini kama udongo ulionyeshewa mvua.

Pima kipenyo kwa kifaa cha kupimia cha mafundi wa vyuma, mara tatu katika sehemu tofauti. Madini yanapopoa husinyaa, kwa hiyo nakala iliyosubiwa kutokana na nishani halisi huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Tofauti ni ya sehemu tu ya milimita, na rula ya shuleni haiwezi kuionyesha. Ukikuta kipande kidogo zaidi sana, chenye upana wa ukucha wa kidole kidogo, usikimbilie kusema ni cha bandia, kwa sababu wenye nishani walijinunulia nakala ndogo za kuvaa kwenye suti za sherehe. Hizo ni vitu vya kweli vya zama zile, ingawa mfalme hakuzitoa yeye.

Tazama pia kitanzi. Kikiwa kimeng'oka na kuunganishwa upya kwa risasi ya kijivu, hayo ni matengenezo na si ithibati ya ughushi. Yaandike tu kwenye kumbukumbu zako.

Hatua ya nne: pima densiti

Hatua hii ifanywe tu ikiwa nishani haina utepe, au utepe unatoka wenyewe bila kukata uzi. Kama utepe umeshonwa, iruke.

Unahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, gilasi ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, na uzi mwembamba wa nailoni. Pima kwanza uzito wa nishani ikiwa kavu. Kisha weka gilasi ya maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga nishani kwa uzi, ishushe ndani ya maji hadi izame yote bila kugusa chini wala ubavuni, na usome tarakimu. Tarakimu hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na nishani. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili, na jibu ndilo densiti, yaani nishani ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ujazo ule ule.

Tuseme nishani kavu ina gramu 9.60, na mizani yenye gilasi imesoma 0.93. Ukigawanya unapata 10.32. Fedha tupu ina densiti ya 10.49, na fedha iliyochanganywa na shaba kidogo kwa kiwango cha sehemu 900 katika 1000 huwa karibu na 10.3, kwa hiyo jibu hilo linaridhisha. Ukipata 7 na ushei, mkononi mwako una zinki au bati lililopakwa rangi ya fedha. Ukipata karibu na 9, ni shaba au mchanganyiko wake, na ukipita 11 ni risasi. Viputo vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye maandishi hushusha jibu, kwa hiyo tikisa uzi taratibu hadi viondoke, na urudie kipimo mara tatu. Baadaye ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa cha pamba bila kuisugua.

Kipimo hiki kinakuambia madini ni yapi, basi. Mghushi mwenye fedha halisi anaweza kukifaulu, na mchanganyiko wa risasi na bati ukipatana vizuri unaweza kuikaribia densiti ya fedha. Ndiyo maana hakitangulii uchunguzi wa ukingo na uso, na hakiwezi kuubatilisha.

Hatua ya tano: utepe

Nishani hii ilivaliwa kwa utepe wa rangi ya machungwa na nyeupe. Utepe wa zamani ulifumwa kwa hariri, na ukiutazama kwa lenzi utaona nyuzi zake zimechakaa zaidi pale ulipokunjwa na pale ulipopita kwenye kitanzi. Uwashie taa ya miale ya urujuanimno ndani ya chumba chenye giza. Nyuzi na vitambaa vya viwanda vya karne iliyopita, hasa baada ya vita vya pili vya dunia, mara nyingi vina kemikali inayong'aa kwa weupe wa samawati chini ya taa hiyo, na hariri ya zama za wafalme haina kemikali hiyo. Lakini utepe wa kale uliowahi kufuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa nao utang'aa, na nishani halisi inaweza kuwa imevishwa utepe mpya na mjukuu aliyependa kuitunza. Utepe mpya si kosa la nishani. Utepe wa kale uliotupwa ndio hasara.

Hatua ya sita: mtafute aliyeokoa

Watu wengi huishia hatua ya tano, wakisharidhika kwamba kitu ni cha kweli, na mimi naona hapo ndipo wanapoacha sehemu iliyo bora. Nyuma ya kila nishani ya namna hii kuna mtu mmoja aliyekuwa anakufa na mwingine aliyejitosa kumfuata.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Otto von Bismarck. Mwezi Juni 1842, akiwa luteni kijana wa jeshi la akiba katika mazoezi kwenye mji wa Lippehne, alimwona mtumishi wake wa farasi akizama ziwani, akajitupa majini na mavazi yake ya kijeshi, akamtoa. Baadaye akawa waziri mkuu wa Prussia na kansela wa dola, na ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na serikali yake ndiyo iliyoiweka sehemu kubwa ya nchi zetu chini ya Ujerumani. Alivikwa nishani kubwa kubwa zisizohesabika, lakini kwa miaka ya mwanzo nishani yake ilikuwa hii ndogo ya uokoaji, na aliiheshimu hadi uzeeni. Sisi tuna sababu zetu za kumkumbuka kwa mengine, na bado yule kijana wa ziwani alifanya alichofanya.

Wengi wa waliopokea hawakuwa watu wa vitabuni, lakini majina yao yaliandikwa. Gazeti rasmi la serikali, Deutscher Reichsanzeiger und Königlich Preußischer Staatsanzeiger, lilichapisha tuzo za mfalme kwenye ukurasa wake wa kwanza, likitaja jina la mtunukiwa, kazi yake na mahali alipoishi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Mannheim imeliweka gazeti hilo mtandaoni, na maandishi yake yanaweza kutafutwa kwa neno. Andika Rettungsmedaille pamoja na jina la ukoo au la mji ulionao, kutoka kwenye karatasi, kwenye boksi, au kwenye ukingo kama kuna jina lililochongwa.

Utafutaji huu una vikwazo viwili. Gazeti lilipigwa chapa kwa herufi za Kijerumani za kale, ambamo herufi s iliyo katikati ya neno hufanana na f, na k hufanana na t, kwa hiyo kompyuta imesoma majina mengi vibaya. Kama hupati jina, libadilishe herufi hizo na ujaribu tena. Pia miji imebadilika majina, kwa sababu sehemu kubwa ya Prussia ya mashariki leo iko Poland na Urusi: Lippehne ya Bismarck sasa ni Lipiany, Stettin ni Szczecin, Danzig ni Gdańsk, Breslau ni Wrocław, na Königsberg ni Kaliningrad. Gazetini utafute jina la zamani, na kwenye ramani utafute jipya.

Ukishapata jina na tarehe, waandikie wahifadhi wa Geheimes Staatsarchiv Preußischer Kulturbesitz, lililoko Berlin katika kitongoji cha Dahlem, ambako ndiko zilikobaki nyaraka za serikali kuu ya Prussia. Barua yako iwe fupi na itaje mambo manne: jina kamili la mtunukiwa, kazi yake, mahali alipoishi, na tarehe ya toleo la gazeti. Ambatanisha picha za pande zote mbili. Usiulize bei ya nishani, maana hiyo si kazi ya ofisi ya nyaraka. Uliza kama kuna jalada la pendekezo la tuzo, kwa kuwa ndani ya majalada ya namna hiyo ndimo maofisa walimoeleza maji yalikuwa na kina gani, kama ulikuwa wakati wa barafu au wa kiangazi, na aliyeokolewa alikuwa nani. Jiandae kwa jibu la hapana, kwa sababu nyaraka nyingi za Prussia ziliteketea au kutawanyika mwaka 1945.

Hatua ya saba: hifadhi na usafirishaji

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na fedha haivipendi. Ifunge nishani kwa karatasi isiyo na asidi, au kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, uiweke ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, kama vile vinavyokuja na viatu vipya. Epuka mifuko laini ya plastiki inayonata, mpira na gazeti, kwani vyote hutoa kemikali zinazoshambulia madini. Utepe ulale tambarare, mbali na jua.

Kama nishani iko Tanzania na unakusudia kuitoa nje ya nchi, pita kwanza kwenye idara inayosimamia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 uulize kama inahitaji kibali, na usikubali muuzaji akuambie kwamba kitu kidogo kama hicho hakiulizwi.

Mwisho andika kadi moja kwa wino usiofutika: kipenyo, uzito, densiti, jina la mfalme, hali ya ukingo, hali ya utepe, uliipata lini na kwa nani, na ulichokipata gazetini pamoja na tarehe ya toleo. Jibu la Berlin likija, nakala yake ikae kwenye kopo hilo hilo, chini ya nishani, ili atakayelifungua baada yako alikute jina la mwokoaji pale pale.